Biki: kalamu ya mkimbizi mmoja, na namna ya kuchagua ile isiyochosha mkono

Kila mwezi wa tisa, masomo yakianza, meza ndogo za barabarani hujaa kaye na biki. Mama wa watoto wanne ananunua kaye kwanza kwa sababu mwalimu atazihesabu. Biki inakuja nyuma, inachukuliwa haraka bila kuangaliwa: ya buluu, ya bei ndogo, basi. Katika familia zilizokimbia vita na kupokelewa na ndugu, au zinazolala chini ya turubai, biki moja inaweza kuzunguka kwa watoto wote wa nyumba, na jioni baba akaichukua kuandika namba ya simu ya mtu aliyebaki kijijini.

Lakini kitu hicho kidogo kinabeba mambo mazito. Orodha ya familia zinazongoja msaada, mara nyingi inaanzia kwenye kaye ya kiongozi wa kambi, imeandikwa kwa mkono. Herufi moja ikidondoka, jina la kwenye jetoni halifanani tena na lile la kwenye orodha, na mwenye jina anarudi na mfuko mtupu. Mwalimu anaandika matayarisho ya masomo yake kwa mkono kila siku. Muuguzi anajaza kitabu cha wagonjwa tangu asubuhi. Watu hawa wanajua kwamba biki si sawa zote. Moja inateleza, nyingine inakwaruza, nyingine inaacha kidole gumba kinauma hadi usiku.

Sababu ya tofauti hiyo iko ndani ya biki yenyewe, na ili kuielewa inafaa kurudi hadi Hungaria, inchi ya Ulaya, kwa mwandishi wa habari mmoja ambaye mwenyewe aliishia ukimbizini.

Mwandishi aliyechoka na wino

László Bíró alizaliwa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, mwaka wa 1899. Alifanya kazi nyingi kabla ya kuwa mwandishi wa gazeti. Wakati huo watu waliandika kwa kalamu ya wino, ile yenye ncha ya chuma iliyopasuliwa katikati. Wino wake ulikuwa mwepesi kama maji. Ulichelewa kukauka, ulichafua vidole, na ukipitisha mkono juu ya maandishi, umeharibu ukurasa.

Bíró aliona kwamba kwenye mashine za kuchapa magazeti wino ulikuwa mwingine, mzito, unakauka karibu mara moja. Alijaribu kuutia ndani ya kalamu ya kawaida. Haukushuka, kwa kuwa ulikuwa mzito mno kwa ile ncha iliyopasuliwa. Inasimuliwa kwamba jibu alilipata kwa kuangalia watoto wakicheza bili barabarani: bili moja ilipita ndani ya dimbwi, na ilipotoka upande wa pili ikaacha mstari wa maji nyuma yake. Labda hadithi hiyo ilitiwa chumvi kidogo, kama hadithi nyingi za wavumbuzi. Ila wazo lenyewe ndilo hilo hilo: toa ile ncha, weka mahali pake bili ndogo sana inayozunguka. Wafaransa hadi leo huita kalamu hii « stylo à bille », yaani kalamu ya bili.

Hakuwa wa kwanza kufikiri hivyo. Mwaka wa 1888 Mmarekani mmoja, John Loud, aliandikisha kalamu ya namna hiyo kwa ajili ya kuchora alama kwenye ngozi. Ilikwaruza vizuri juu ya ngozi, lakini juu ya karatasi haikufaa kitu, na uvumbuzi wake ukalala. Kilichokosekana kilikuwa wino, na hapo Bíró alisaidiwa na ndugu yake György, aliyejua mambo ya kemia. Mwaka wa 1938 uvumbuzi wao uliandikishwa Ulaya.

Mwaka huo huo Hungaria ilipitisha sheria ya kuwabana Wayahudi katika kazi na biashara. Bíró alikuwa wa familia ya Kiyahudi. Aliondoka, akapitia Paris, halafu vita ilipowaka Ulaya akavuka bahari hadi Argentina. Inasemwa kwamba mlango wa Argentina alifunguliwa na Agustín Justo, aliyekuwa rais wa inchi hiyo, baada ya kumwona mahali pa mapumziko akiandika kwa kalamu yake ya ajabu. Huko Buenos Aires, tarehe 10 mwezi wa sita 1943, aliandikisha tena kalamu yake, akafungua kazi pamoja na rafiki yake Juan Jorge Meyne. Walichanganya majina yao mawili, Bíró na Meyne, kalamu ikaitwa Birome. Waargentina wanaiita hivyo mpaka sasa.

Wateja wakubwa wa kwanza walikuwa wanajeshi. Rubani akipanda juu sana, hewa iliyo ndani ya kalamu ya wino hutanuka na kusukuma wino nje, shati na ramani vinachafuka. Kalamu ya bili haikuwa na shida hiyo. Jeshi la anga la Uingereza likaagiza karibu 30.000.

Amani iliporudi, fedha ziliingia katikati. Mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Milton Reynolds, aliona kalamu hizo Buenos Aires, akarudi kwao na kutengeneza yake ya kufanana nazo kabla wale walionunua haki ya Bíró kwa Marekani hawajawa tayari. Tarehe 29 mwezi wa kumi 1945 aliiweka kwenye duka la Gimbels, New York, kwa dola 12 na senti 50. Kwa wakati ule ilikuwa bei kubwa sana kwa kalamu. Watu walijipanga hata hivyo, na maelfu ziliuzwa siku moja. Muda si mrefu malalamiko yakaanza: inavuja, inaruka herufi, inakauka mfukoni. Baada ya miaka michache watu wengi wa Marekani hawakutaka tena kusikia habari za kalamu ya bili.

Jina la Bwana Bich

Aliyeiokoa alikuwa Marcel Bich. Alizaliwa Turin, Italia, mwaka wa 1914, akafanya maisha yake Ufaransa. Mwaka wa 1945 yeye na mwenzake Édouard Buffard walinunua karakana huko Clichy, karibu na Paris, wakawa wanatengeneza vipande vya kalamu za wino. Bich aliziona kalamu za bili za wengine zikivuja, akaelewa kwamba ubaya haukuwa kwenye wazo. Ubaya ulikuwa kwenye vipimo. Bili ikiwa ndogo kidogo kuliko kikombe chake, wino unamwagika. Ikibana kidogo tu, wino haushuki. Alipata haki ya kutumia uvumbuzi wa Bíró, akachukua mashine za Uswisi, inchi ya mafundi wa saa, zenye kukata chuma kwa kipimo kidogo kabisa.

Mwezi wa kumi na mbili 1950 ikatoka Bic Cristal. Aliondoa herufi « h » mwishoni mwa jina lake ili watu walitamke vizuri kila mahali. Na hapa Congo watu wanasema biki, hata kama kalamu yenyewe imetoka India, China au Uganda na haijawahi kuiona karakana ya Bich. Waingereza walifuata njia nyingine: wao husema biro, na Wakenya wengi pia. Mkongomani akisikia « biro » anafikiri ofisi. Hivyo jina la mkimbizi aliyevumbua lilibaki Nairobi na Buenos Aires, na la mwenye karakana ndilo likafika Goma, Bukavu na Bunia.

Biki ile ya 1950 inafaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu karibu kila kitu juu yake kina kazi. Mwili wake una pande sita kama penseli ya mbao, hivyo haibiringiki mezani na haizunguki ndani ya vidole. Unapenyeza mwanga ili mtu aone wino uliobaki. Katikati kuna tundu dogo ambalo watu wengi hudhani ni kasoro. Tundu hilo linaruhusu hewa ya ndani na ya nje kuwa sawa, ndiyo sababu biki iliyopandishwa ndege kutoka Kinshasa hadi Goma, mji ulio kwenye mita karibu 1.500 juu ya bahari, haifiki imemwaga wino. Kuliziba kwa skochi si akili. Tangu mwaka wa 1961 bili yenyewe inatengenezwa kwa tungsteni kabaidi, kitu kigumu sana kuliko chuma cha kawaida. Kuhusu kifuniko, tundu la juu yake lilikuja baadaye, mwaka wa 1991, ili mtoto akikimeza kikakwama kooni, hewa ipite kidogo wakati anakimbizwa kwa daktari.

Kuna kazi moja ambayo Bwana Bich hakuipanga. Zile pande sita ziliingia sawasawa ndani ya meno ya kaseti. Watu wa redio wa zamani, na vijana waliopenda muziki, walirudisha ukanda nyuma kwa kuuzungusha na biki ili wasimalize mawe ya redio.

Walimu walichelewa kuikubali. Walisema inaharibu mwandiko, kwa sababu haitoi ule mstari mnene na mwembamba wa kalamu ya kuchovya. Ufaransa iliiruhusu rasmi shuleni mwaka wa 1965 tu. Wazee waliosoma kwa Mapadri wakati wa Wabelgiji wanakumbuka kidau cha wino kwenye deski, karatasi ya kunyonya wino, na adhabu ya kuangusha tone kwenye ukurasa. Kwa watoto hao biki haikuwa kitu kidogo. Na ilikuwa ya bei ya chini, ambayo ndiyo kazi kubwa kuliko zote aliyofanya Bich. Mwaka wa 2006 kampuni yake ilitangaza kwamba imeuza biki bilioni 100.

Kwa nini mkono unauma

Wino wa biki ni mafuta mazito, karibu kama mawese asubuhi ya baridi. Haumwagiki wenyewe. Bili lazima izunguke juu ya karatasi ili iuvute, na ili izunguke inahitaji kukandamizwa. Hapo ndipo uchovu unapoanzia. Kalamu ya zamani iliandika kwa kugusa tu. Biki inadai nguvu. Mtu anayeandika kurasa kumi kwa siku anakandamiza maelfu ya mara bila kujua, na kadiri biki inavyokuwa mbaya ndivyo anavyoikaza zaidi.

Kwa hiyo biki ya kutuliza mkono ni ile inayoomba nguvu kidogo. Unene wa mwili una maana. Biki nyembamba sana inalazimisha vidole kubana. Ile nene kidogo, au yenye mpira mahali pa kushika, inaacha gumba lipumzike. Kwa mkono mdogo wa mtoto wa shule ya msingi, ile ya kawaida ya pande sita inatosha kabisa, na ile nene ya mtu mzima inamsumbua.

Ncha nayo. Bili ya milimita 1 inatoa mstari mnene na inateleza vizuri juu ya karatasi mbaya. Ncha nyembamba, kama ya ile biki yenye mwili wa rangi ya machungwa, inapendeza kwa hesabu na kwa kujaza visanduku vidogo vya formilere, lakini juu ya kaye ya karatasi nyepesi inakwaruza na wakati mwingine inatoboa. Anayeandika sana achukue nene. Wino utaisha mapema kidogo, ingawa biki nzuri inaandika mstari wa kilometa 2 na zaidi kabla ya kuisha. Nyingi hupotea au kuibiwa kabla ya hapo.

Siku hizi kuna pia kalamu za jeli, zilizoanza Japani mwaka wa 1984. Wino wake umetengenezwa kwa maji, unashuka kwa ulaini, na kwa mkono ni raha ya kweli. Wanafunzi wa unifersite wanazipenda na wana haki. Ila zinaisha haraka, na wino wa nyingi unayeyuka ukiguswa na maji. Kwa mtu anayelala chini ya turubai wakati wa mvua, hilo si jambo la kupuuza. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, buletini ya shule, karatasi ya chanjo: vitu hivi husafiri ndani ya mfuko wa plastiki, kichwani, kwenye mvua, na siku moja huombwa na mtu aliyekaa nyuma ya meza. Jina lililoandikwa kwa biki ya kawaida linaweza kuloa, karatasi ikakunjamana, na bado likasomeka. La jeli mara nyingi linabaki doa la buluu. Kujaribu ni rahisi: kuandika neno, kungoja likauke, kudondoshea maji.

Kwa karatasi zinazotakiwa kudumu, basi, biki ya mafuta ina faida, hata kama inachosha zaidi. Ni hivyo pia kwa risiti zenye karatasi ya kaboni katikati, maana kalamu laini haina nguvu ya kufika nakala ya chini. Na anayeandika kwa mkono wa kushoto atafanya vizuri kukaa na biki, kwa kuwa mkono wake unapita juu ya maandishi ambayo jeli bado haijayakausha.

Kununua kwa macho na kwa mkono

Kwenye meza ya muuzaji, wengi hujaribu biki kwa kuchora mstari mmoja kwenye kiganja. Hiyo haionyeshi kitu. Ngozi ina mafuta, na mstari mmoja hauzungushi bili pande zote. Ni afadhali kuomba kipande cha karatasi na kuchora namba nane, kubwa, mara kadhaa bila kuinua mkono. Bili mbaya itaonekana palepale: mstari unakatika upande mmoja, au inaacha madonge ya wino mahali pa kugeukia. Madonge hayo ndiyo huchafua kaye na kufanya 3 isomeke kama 8. Biki mpya kabisa inaweza kukataa herufi za kwanza, kwa sababu nyingine huja na tone la nta kwenye ncha. Hiyo si kasoro.

Inafaa pia kuitazama dhidi ya mwanga. Wino ukiwa umekatika katikati ya mrija, na nafasi ya hewa ndani yake, itakwama siku ya kazi. Biki zilizokaa juani mezani kwa wiki nyingi zina tabia hiyo. Joto linalainisha wino na kuusukuma, na ndiyo maana biki iliyoachwa chini ya turubai mchana huvuja mfukoni jioni.

Jambo moja linawasumbua hasa watu wasio na meza. Wino wa biki unashuka kwa uzito wake. Mtu akiandika kwa kuegemeza karatasi ukutani, au akiwa amelala chali, au mgongoni mwa mwenzake kama inavyofanyika kwenye mistari ya kuandikishwa, ncha inatazama juu, hewa inaingia nyuma ya bili, na biki inakufa ikiwa bado imejaa. Watu husema ni ya uongo na kuitupa. Mara nyingi ni nzima. Ikisimamishwa ncha ikiwa chini kwa saa chache, kisha ikasuguliwa viganjani ipate joto, na kuzungushwa juu ya karatasi au soli ya kiatu, inaamka. Kuichoma kwa kiberiti, kama vijana wanavyopenda, kunayeyusha mrija, na kuinyonya kwa mdomo kunajaza meno wino.

Anayeandikia magotini anatuliza mkono wake kwa kutafuta kitu kigumu cha kuweka chini ya kaye: kipande cha mbao, mfuniko wa ndoo, bidoni iliyolazwa. Juu ya kitu laini mtu hukandamiza mara mbili, na hakuna biki yoyote, hata ya bei kali, itakayomwondolea maumivu hayo.

Na kwa wanaoingia kwenye insha ya Exetat, ambapo mkono unaandika kwa muda mrefu bila kupumzika, biki ya kubeba si ile mpya iliyonunuliwa asubuhi mlangoni. Ni ile iliyokwisha kuandika kurasa kadhaa nyumbani, ambayo bili yake imezoea na kidole kimeshajua mahali pake, pamoja na ya pili ya rangi ile ile, nayo ikiwa imejaribiwa, mfukoni, ncha chini, kifuniko juu.